Karatasi ya Chumba cha Nne

Karatasi ilikuwa chini, katikati ya milango miwili inayotazamana, selotepu yake imebanduka. Binti aliiokota. Kengele ya kwanza ilikuwa imeshalia: dakika mbili za kusoma, kisha nane za kuonana na mgonjwa.

Mgonjwa wa kuigiza, lakini. Ndivyo chuo cha udaktari kilivyofanya usaili wake, kwenye korido ya chini ya hospitali. Vyumba vitano, kila kimoja na karatasi yake mlangoni, mwigizaji wake ndani, na msaili kwenye kona akiandika maksi. Unaazimwa koti jeupe, unasoma, unaingia, unakuwa daktari.

Mwaka jana aliingia akasimama katikati ya chumba, ulimi ukagoma. Dakika nane nzima. Tangu siku hiyo kaka zake walimwita Bubu, na jina likaganda, hata mama yake lilimponyoka siku moja mbele ya wageni. Leo ilikuwa mara ya mwisho. Chuo hakikuruhusu mtu kujaribu mara ya tatu. Shangazi yake, nesi mstaafu, alimfanyisha mazoezi mwezi mzima, yeye mwenyewe akijifanya mgonjwa kwenye kochi. Usizungukezunguke, alimwambia. Kaa chini kwanza. Sema neno lenyewe, kisha nyamaza.

Mpaka hapo hakuwa ameharibu. Chumba cha pili alimkuta mzee aliyebanwa na kifua, anahema, jasho linamtiririka, na Bubu nusura akimbie kuita daktari wa kweli. Aliporudi kuchukua kalamu aliyoisahau, mzee alikuwa anamenya ndizi, na jasho lenyewe kumbe maji ya chupa. Watu hawa walijua kazi yao.

Akasoma. *Huyu ni mama wa mtoto aliyefanyiwa upasuaji asubuhi hii. Mtoto amefariki. Mwambie.*

Kati ya yote, hili ndilo alilokuwa akiliogopa. Na mlango ni upi, wa kulia au wa kushoto? Mwelekezaji wa usaili alikuwa amesema, naye alikuwa ameitikia kwa kichwa, ila woga ulikuwa umefuta kila kitu. Karatasi ilikuwa imeangukia karibu zaidi na ule wa kulia. Kengele ikalia. Akapiga moyo konde, akausukuma.

Mwanamke aliyekuwa kwenye benchi alisimama kabla mlango haujafunguka wote. Alikuwa amepakata mfuko wenye sweta na kandambili ndogo. Kwenye kona hapakuwa na msaili. Bubu alitupa jicho darini, akaona kidude cheupe cha duara, akajiambia kumbe mwaka huu wanatumia kamera.

"Daktari," mwanamke alisema, "niambie tu."

Bubu akakaa, akamwomba naye akae. Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, lakini inatoka.

"Mama, nina habari mbaya sana. Mtoto wako amefariki."

Akanyamaza, kama alivyofundishwa.

Alitarajia kilio. Hakikuja, na hofu ikampanda upya kwamba amekosea mahali. Mwanamke alilitoa sweta, akalikunja vizuri zaidi, akalirudisha mfukoni. Halafu akauliza kama mtoto alilia. Karatasi haikusema lolote kuhusu hilo. Bubu akamjibu kwamba hapana, alikuwa usingizini, hakusikia maumivu. Akamshika mkono, nao ulikuwa wa baridi kweli kweli. Huyu mama ni hatari, aliwaza, huyu amewashinda wote.

Mwanamke akasema lazima ampigie baba yake mtoto, na hapa ndani hawezi. Akatoka kwa mlango wa uani akipapasa ukuta, mfuko akauacha kwenye benchi. Bubu alibaki ameketi wima mbele ya kile kidude cha darini mpaka kengele ikalia.

Alitoka anatabasamu peke yake. Alikuwa amesema. Leo jioni shangazi angesikia kila neno, na kaka zake wangetafuta jina jingine.

Mwelekezaji alimjia mbio, orodha mkononi. Nyuma yake mlango wa kushoto ulikuwa wazi, na ndani walikuwamo mwanamke mwenye leso na msaili kwenye kona yake, wote wawili wakitazama saa.

"Namba kumi na nne, ulikuwa wapi? Tumekusubiri dakika nane."

Kabla Bubu hajafungua mdomo, nesi alitokea mwisho wa korido akisukuma mtoto kwenye kitanda cha magurudumu. Alisimama mlango wa kulia, akachungulia, akauona mfuko.

"Mama wa huyu ameenda wapi jamani?" aliuliza huku akicheka. "Mwanawe ameamka, anadai kandambili zake."