Meneja Alichaguliwa Msibani

Alikuwa amefariki meneja wa kiwanda cha sabuni, Mungu amrehemu. Wanaume walikaa nje kwenye majamvi, chini ya turubai, na wanawake ndani, kama ilivyo kawaida. Mwantumu, naibu wa marehemu, alikuwa jikoni akichambua mchele, na sauti za wakubwa wa bodi zilimfikia wazi kupitia dirisha.

"Kiti kisikae kitupu," mwenyekiti alisema. "Tumpe Shemndolwa, mwenzetu huyu hapa."

"Na Mwantumu je?" mjumbe mmoja aliuliza. "Si ndiye aliyeendesha kiwanda muda wote marehemu alipokuwa mgonjwa kitandani?"

"Mchapakazi, sikatai. Lakini mambo makubwa tunayamalizia wapi siku zote? Si majamvini hivi hivi? Haya, yeye yuko wapi sasa?"

Wakacheka kile kicheko cha chinichini cha msibani.

 Mwantumu aliweka ungo chini, akajitanda kanga vizuri, akashika njia ya mlangoni.

"We mwanangu, huko kwa wanaume unafuata nini?" shangazi wa marehemu alimdaka mkono. "Watu watasema!"

"Wameshasema, shangazi. Nimewasikia."

Akatoka. Alivua viatu, akaketi pembeni mwa jamvi la wakubwa, mikono mapajani.

"Nipo hapa, mwenyekiti," alisema. "Endeleeni."

 Mwenyekiti alikunja miguu yake taratibu, na haikujulikana kama anampisha akae vizuri au anataka kuinuka.