Nauli ya Mnana

Mnana, yule ndege msuka viota, alikuwa fundi wa kuezeka, na serikali ya Simba ikampa kazi ya kuezeka ukumbi wa baraza. Akaezeka, ukapendeza. Alipokwenda kudai ujira wake akamkuta karani, Kobe.

"Faili lako halijapigwa muhuri, mama," Kobe akamwambia. "Njoo kesho."

Mnana hakubishana. "Sawa, mzee. Lakini kuja na kurudi kuna gharama. Nitachukua fungu moja la nyasi za paa, liwe nauli yangu."

Kobe akacheka. Mwenye gamba mgongoni, paa la nini? "Chukua," akasema.

Kesho yake faili lilikuwa mezani kwa Kifaru. Keshokutwa Kifaru alikuwa amekwenda semina. Kiangazi kizima watoto wa Mnana walishindia maji, lakini yeye hakukosa kufika hata siku moja, wala hakusahau nauli yake.

Masika yakaingia kikao kikiendelea. Simba akalowa chapachapa, manyoya yakamnata usoni. Akanguruma, "Paa langu liko wapi?"

"Liko kwangu, mheshimiwa," Mnana akajibu. "Kila nilipoambiwa nije kesho, nilipewa nauli. Karani ni shahidi."

Simba akamgeukia Kobe. Kobe akapapasa ndani ya gamba lake, akatoa muhuri, akagonga faili, kisha akatoka mbio kwenda kuleta fedha.

Wanyama wakatazamana. Miaka yote ile, hakuna aliyejua kwamba Kobe anaweza kukimbia.