Meza Isiyo na Wazazi

Jioni ya nne baharini, kabla hata supu haijaletwa, Jovelyn alikuwa ameshadanganya mara tatu, kila mtu na uongo wake.

Jovelyn alimvuta binamu yake Boyet pembeni mwa ngazi akamwambia kwamba wakifika nyumbani yeye atachorwa tatuu ya nge shingoni. Akamwambia Merly, mdogo wake wa tumbo moja, kwamba ana mchumba, mpiga ngoma wa bendi ambaye tayari ana mtoto. Akamnong'oneza Dencio, binamu mwingine, mpole asiyependa makuu, mbele ya sinia la matunda kwamba anataka kuingia utawa.

"Utawa!" Dencio alitoa macho. "Dada, wewe? Misa yenyewe unasinzia."

"Ni siri, Dencio. Ukiitoa, sikujui tena."

Kisha wakakaa wote wanne, wakaagiza wali mara mbili kama kawaida yao, wakala wakitaniana. Jovelyn alikuwa anatega.

Wazazi walikuwa ghorofa ya juu, kwenye ukumbi wa karaoke, wakila na kuimba nyimbo za ujana wao. Vijana waliomba wawe na meza yao tangu meli inang'oa nanga Manila, na Mama alikubali upesi, hata kubembelezwa hakubembelezwa. Raha iliyoje! Hakuna wa kukwambia umalize mboga, wala kukuuliza shati hilo umelitoa wapi.

Tatizo ni kwamba yaliyosemwa mezani yalikuwa yanaamka na Mama. Asubuhi ya kwanza Boyet alikemewa kwa bia aliyoionja. Ya pili, Merly akanyang'anywa simu kutwa nzima kwa sababu ya mvulana wa Cebu.

"Kuna mdomo hapa," Boyet alilalamika.

"Mdomo gani, we?" Jovelyn alimcheka. "Ulinuka bia mpaka kwenye lifti."

Ya tatu ikamfikia Jovelyn mwenyewe. Alikuwa amesema tu, katika maongezi, kwamba akiona damu huanguka. Kulipokucha Mama akamwambia huku akimenya embe, "Damu huzoeleka, mwanangu." Hapo Jovelyn akajua kwamba habari zake nazo zinabebwa.

Ukoo mzima ulikuwa umeshaamua: Jovelyn atasomea uuguzi, amfuate Shangazi Remy huko Jeddah. Shangazi Remy, aliyekuja likizo na yumo nao melini, ameuguza wagonjwa miaka ishirini, na ndiye aliyewalipia wote safari hii, kwa hiyo neno lake halirudi nyuma. Lakini Jovelyn alikuwa na barua kwenye simu. Chuo cha mabaharia cha pale pale kwao Iloilo kilikuwa kimemkubali. Afike Jumatatu saa nne asubuhi kujiandikisha. Asipotokea, nafasi inakwenda kwa mwingine. Afisa wa meli! Asimame kule juu penye usukani, meli nzima imsikilize.

Ili atoke nyumbani Jumatatu hiyo, alihitaji mtu mmoja wa kumsitiri. Mmoja tu. Ila yupi?

Ndiyo maana ya nge, mpiga ngoma na utawa. Uongo utakaomfikia Mama utamtaja aliyeubeba.

Asubuhi ya nne Mama alikula wali wake wa kitunguu saumu na yai, akauliza kama wamelala vizuri. Basi. Baba alirudia beti alizoimba jana yake. Shangazi Remy alilalamikia chumvi. Jovelyn alingoja mpaka sahani zikaondolewa. Nge hakutajwa, wala mpiga ngoma, wala utawa.

Nusura alie kwa aibu. Watoto wa watu amewashuku bure!

Jioni ile akawaambia yote, akawaonyesha barua. Merly alimkumbatia. Boyet alimpigia saluti kwa kijiko. "Nahodha! Usituzamishe tu." Dencio aliisoma barua mara mbili, kisha akasema Jumatatu yeye ndiye atakayeaga nyumbani kwamba wanakwenda kununua viatu vya shule. Wakashikana mikono juu ya bakuli la wali, wote wanne. Jovelyn akala mpaka akafungua kifungo.

Asubuhi Mama alikuja na kikombe chake cha kahawa, akaketi katikati yao.

"Jumatatu saa nne," alisema, "tutakuwa chuo cha uuguzi. Mimi, wewe na shangazi yako, sako kwa bako."

Jovelyn aliweka uma chini. Akawatazama wenzake. Boyet alikuwa anamtazama Merly, Merly anamtazama Dencio, na mshangao ulikuwa wa kweli kwenye nyuso zote tatu.

"Nani?" Jovelyn aliuliza. "Mama, niambie ni nani."

"Kwani alikuwa mmoja? Nge kaleta Boyet. Mpiga ngoma kaleta Merly. Ya utawa kaleta Dencio, na baba yako alicheka mpaka akapaliwa. Shangazi yako ndiye aliyesema tunyamaze, ya kweli iko njiani."

Jovelyn alisimama. "Wasaliti nyie! Jana mmenishika mkono! Damu yangu mwenyewe, mnaniuza hivi hivi? Mmelipwa nini?"

Merly alikuwa analia.

"Kaa chini, watu wanakula," Mama alisema, akikoroga kahawa taratibu. "Kila mmoja nilimwomba kivyake awe jicho langu, na kila mmoja alikubali. Bia ya Boyet na mvulana wa Merly uliniletea wewe, hata mswaki sijapiga. Ulidhani nilikuomba peke yako?"