Jina Kwenye OB

Konstebo Trizah alikuwa ameandika herufi tatu tu za jina la mshukiwa pale bosi wake alipoweka kiganja juu ya ukurasa wa OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi.

"Huyo usimwandike kwenye OB," alisema. "Kuna gari linakuja kumchukua."

"Linampeleka wapi, afande?"

"Hiyo si kazi yako. Ukiandika, kesho ufungashe virago."

Mshukiwa mwenyewe, mwalimu wa shule, alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya kaunta, pingu mikononi. Polisi walimkamata asubuhi huko Sindo, kando ya ziwa, akiwaambia wavuvi wasikubali ufuo wao uzungushiwe ua. Upande wa pili wa kaunta alisimama mama yake, asiyeweza kumwona.

"Nyara, binti yangu," mama alimwambia Trizah, akichanganya Kijaluo na Kiswahili, "niambie tu kama yuko hapa."

Trizah alijua kwamba mtu ambaye hayumo kitabuni hakuwahi kukamatwa, na hakuna atakayeulizwa habari zake.

Kiganja cha bosi kilikuwa kimelowa jasho. Wino ulianza kuchafuka pembeni mwa kidole gumba. Nje, injini ya gari ilizimwa.

Trizah akakivuta kitabu.

"Mama, jina lake kamili ni nani?" aliuliza kwa sauti kubwa.

Mama alitaja majina yote matatu, na watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Trizah aliyaandika, kisha akaandika saa.

Wanaume wawili waliingia bila kusalimu. Aliwageuzia kitabu, akawanyooshea kalamu.

"Anayemchukua atie sahihi hapa."