Bangili Haijui Sumu

Kila mwenye mimba katika bonde la vitunguu huvishwa bangili ya sheria. Akitaja sumu, bangili hufunga shamba zima papo hapo, ili ubongo wa mtoto aliye tumboni usiguswe.

Tluway alirudi kutoka shambani, ovaroli imelowa, mkononi ana kopo tupu la dawa ya kunyunyizia, ambalo sasa ni la kuchotea maji. Mkewe mjamzito, Paskalina, bangili mkononi, akaruka nyuma.

"Unanuka nini, baba Sabina?"

"Si dawa tu! Ulidhani marashi?"

"Nimeandika: dawa," bangili ikasema kwa upole. "Ugua pole, mama."

"Siyo dawa, we chuma! Ni sumu! Sumu!"

"Sheria inataka sumu iliyoandikwa," ikajibu bangili. "Soma jina lililo kwenye kopo."

Paskalina akamnyang'anya mumewe kopo, akaligeuza mara tatu. Wenye kiwanda cha dawa hiyo walijua walifanyalo. Miaka nenda rudi wameandika hivyo hivyo: Dawa ya Vitunguu.

"Sasa nisome nini, mume wangu?"

Tluway akainama, akasoma: "Dawa ya Vitunguu."

"Asante," ikasema bangili. "Mtoto anakua vizuri."

Maneno hayo hayo iliyatamka wakati wa mimba ya Sabina. Sabina sasa ana miaka saba, na asubuhi hii pia alishindwa kujivalia gauni, hakujua mkono unapita wapi.