Dele la Mama

Siku hizi jiko ndilo linalojua nani ni nani. Kila asubuhi mtu hupika kahawa kwa njia aliyoandikisha, nalo humtambua kwa mikono yake. Asiyetambuliwa siku tatu mfululizo huchukuliwa. Jirani yetu, Bi Zuhura, alichukuliwa kikombe chake kikiwa bado kinafuka moshi.

Mama aliandikisha kahawa ya dele, lile birika la shaba, iliyochemshwa na tangawizi. Lakini juzi alichukua chujio la kitambaa. Jana akakoroga kahawa ya kopo. Leo alisimama mbele ya vyombo vyote, akanigeukia.

"Mwanangu, mimi huwa nakunywa ipi?"

"Hii, Mama," nilinong'ona.

Niliuweka mkono wake kwenye mpini wa dele, na wangu juu ya wake. Tukatia maji, tangawizi, kahawa. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kabisa. Vyangu ndivyo vilivyoongoza.

Kahawa ikachemka. Taa ya kijani ikawaka, nami nikashusha pumzi.

"Sabalkheri, Mwatumu," jiko likasema, likitaja jina langu. "Na huyo uliyemshika mkono ni nani?"