Fulana Isiyotoka Songea

Pasi ya mkaa ilipoanza kutoa cheche, wanawake wote wa jikoni waliacha kumenya ndizi ili wamcheke Ida vizuri.

Alikuwa amekunja blanketi juu ya meza, kwenye kibaraza cha nyuma, akatandaza fulana nyeupe na kulaza juu yake karatasi ya picha aliyochapiwa steshenari ya Mbinga mjini. Msibani, jamani! Kaburi la Pankras linachimbwa pale pale, pembeni ya mibuni, na muuza dagaa wa usipa kutoka Ngumbo, kule ziwani, anapiga pasi.

Familia ilikuwa na fulana zake. Zilitoka Songea na basi la asubuhi, picha ya marehemu kifuani, rangi zote zimekubali. Gertruda, dada wa marehemu, ndiye aliyezisimamia. Pankras alipolazwa, hakuna hata mmoja wao aliyeijua njia ya wodini. Alipokufa, wote walijitokeza na saizi zao mdomoni. Ukoo huu unaheshimu sana maiti.

Ida aliomba mapema, tena kwa adabu.

"Wifi, naomba fulana moja. Na nafasi moja kwenye mstari wa familia, wakati wa kutupa udongo."

"Wifi yako nani?" Gertruda alijibu kwa sauti ya kuwafikia mpaka waliokaa turubaini. "Mstari ule ni wa damu ya Pankras. Kumuuzia samaki hakukufanyi damu yake."

"Najua ni wa damu. Ndiyo maana naomba."

Watu waliangua kicheko. Kila mmoja alijua, au alijifanya kujua, kwa nini miaka ile pikipiki ya Pankras ilikuwa haiishi kuteremka ziwani. Na sasa huyu mama, na mvi zake, anataka kugawana ujane na mke wa ndoa ya kanisani! Gertruda alimnyima fulana, akamnyima nafasi, na kama hewa ingekuwa mali yake angemnyima pia.

Ndipo Ida alipoazima pasi.

Aliikandamiza kwa mikono miwili, akaiinua na kuihamishia kona nyingine bila kuiburuta, maana ukiburuta picha inakunjamana. Jivu lilidondoka kwenye karatasi, akalipuliza. Hakumtazama mtu.

"Hiyo fulana itakufika magotini," alisema Gertruda, ambaye alikuwa ameacha kazi zake zote ili aje kudharau kwa karibu. "Hata saizi yako huijui?"

"Inatosha," alisema Ida.

Gertruda alicheka, kisha akawageukia wapishi. "Wachimbaji wapelekeeni chakula. Na yule mwenye kofia muongezeeni nyama. Tangu alfajiri hajaachia chepe, wakati watoto wa nyumba hii wanapigana picha na fulana zao. Hata sijui ni wa kwa nani, lakini huyo kalelewa."

Ida aliinamisha kichwa juu ya meza. Alisubiri karatasi ipoe, akashika ncha yake na kuibandua polepole.

Vicheko vilikatika. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, wino wa rangi steshenari uliwaishia, lakini uso ulikuwa ule ule: paji pana, nyusi zilizokaribia kugusana, kishimo kimoja cha shavu. Chini yake maneno yalisomeka vizuri: KWAHERI BABA.

"Baba wa nani?" Gertruda alidakia, ila sauti ilikuwa imepungua. Alimwita kaka yao mkubwa, msemaji wa ukoo. "Kaka Tobias, hebu njoo uone! Huyu mwanamke kaitoa wapi picha ya Pankras ya ujanani?"

Tobias alikuja na fimbo yake, na nyuma yake katekista na nusu ya waliokuwa turubaini. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni Pankras," alisema. "Pankras mwenyewe, kabla hajaoa."

Restituta, mjane, alishikwa mkono akaletwa mezani. Alipoiona tu alilia. "Ndivyo alivyokuwa siku aliyokuja kwetu kuposa."

Machozi ya wifi yake yalimrudishia Gertruda nguvu. Alisogea, akachunguza ile picha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alifurahi kweli kweli.

"Lakini kishimo kimehama! Kaka alikuwa na kishimo shavu la kushoto, hapa kiko kulia. Karatasi ya pasi huchapishwa kinyume, mama, ili ikitoka ikae sawa. Wewe umechapa kichwakichwa, umemgeuza kaka yangu! Ndiyo shida ya kujifanyia vitu nyumbani."

Kicheko kilirudi kwa kishindo, hata katekista alifunika mdomo. Ida alisubiri wamalize.

"Kwa hiyo mna uhakika huyu ni Pankras?"

"Mtoto mdogo angemjua!" alisema Gertruda. "Sura hiyo Mungu aliifinyanga mara moja tu."

"Ndiye," alisema Tobias, mbele ya ukoo, majirani na kanisa. "Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, sura yake siwezi kuikosea."

Ida aliinua fulana mezani, akaikung'uta jivu, akashuka nayo kibarazani mpaka ukingoni mwa kaburi.

"Hamphrey," aliita. "Weka chepe chini, mwanangu. Njoo uvae."

Mchimbaji alivua kofia. Alibana midomo asilie, na kishimo kikaingia kwenye shavu lake la kulia.